Chini ya Blanketi la Mama Sefania

Klara alishuka kwenda sokoni Lukozi asubuhi ile na chupa ya dawa ya kabichi mkononi, hasira zake zikimtangulia njiani. Ilikuwa Agosti, mwaka ule chanjo ya korona ilipoletwa nchini, na ukungu wa kipupwe ulikuwa bado umelala mabondeni. Waliokutana naye walimsalimu, akaitikia bila kusimama. Nani ana muda wa kuulizana habari za nyumbani wakati viwavi wanamaliza kabichi shambani na muuza dawa amekuuzia maji?

Maana hilo ndilo aliloamini. Dawa ile kila mkulima wa Lukozi anaijua. Ukifungua kizibo tu inakupiga puani mpaka machozi yanatoka, na nguo za kupulizia hutundikwa nje kwa sababu hakuna mtu mwenye akili zake atakayelala nazo chumba kimoja. Klara alikuwa amefungua chupa ukingoni mwa shamba, akanusa, wapi! Akatikisa, akanusa tena, wapi! Akajua ameuziwa feki, akafunga kizibo na kuanza safari ya kwenda kumpa mwenye duka vidonge vyake.

Mwenye duka alikuwa Abdallah, rafiki wa mumewe tangu wakiwa shule ya msingi. Alikuwa nyuma ya meza, barakoa usoni. Katika soko lote ni yeye tu aliyeweza kuvaa barakoa bila kuzomewa, kwa sababu anauza sumu na watu walimwelewa. Wengine waliojaribu waliulizwa kama wanaficha mapengo.

"Abdallah, umeniona mimi mjinga?"

"Karibu kwanza, shemeji. Salama huko juu?"

"Salama itoke wapi? Dawa gani hii uliyonipa? Haina harufu hata ya kusingiziwa. Haya ni maji, Abdallah! Umetia maji kwenye chupa ukaniuzia!"

Wanawake wawili waliokuja kununua mbegu za karoti waligeuka kusikiliza, maana ugomvi wa bure nao ni bidhaa. Abdallah alichukua chupa, akafungua, akashusha barakoa kidogo na kusogeza pua. Hapo hapo akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi, akaanza kukohoa, macho yakajaa machozi. Mmoja wa wale wanawake akajiziba pua kwa kanga.

"Funga hiyo kitu! Unataka kutuua humu ndani?"

Klara akainyakua chupa. Akanusa. Akaisogeza mpaka ikagusa mdomo wa juu, akanusa kwa nguvu zake zote, na hakuna kilichoingia puani isipokuwa ubaridi. Hasira ilimtoka palepale. Mahali pake pakaingia hofu.

Abdallah alihudumia wanawake wale haraka haraka, akawasindikiza kwa macho mpaka walipopotea kwenye ukungu. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Asubuhi umekunywa nini?"

"Chai. Ya tangawizi."

"Uliisikia tangawizi?"

Hakuisikia. Alikuwa amemlaumu moyoni aliyemuuzia, akidhani tangawizi imechakaa. Na usiku wa kuamkia jana alikuwa na homa kidogo, akameza panadoli akasema ni uchovu wa palizi.

"Shemeji," Abdallah alisema, "mimi ilinianza hivyo hivyo mwezi wa saba. Wiki ile tuliyomzika baba."

"Mlisema kifua."

"Ulitaka tuseme nini? Tuseme neno lile, nani angekuja kuchimba kaburi?" Alipangapanga pakiti za mbegu ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. "Mimi ndiye niliyekuwa namnywesha uji. Nilikuwa namwinua, namweka kifuani kwangu hivi, ili apumue vizuri. Nilidhani namsaidia. Chanjo ilipofika nikaenda Lushoto kuchanja, kimya kimya. Usimwambie mtu. Lakini wewe nenda zahanati, na usikae karibu na mama. Leo hasa, shemeji. Leo usikae naye karibu."

Hakuwa na haja ya kueleza kwa nini leo. Lukozi nzima ilijua kwamba alasiri ile mama mkwe wa Klara anapigisha nyungu.

Mama huyo jina lake Evelina, lakini waliokuwa wakimwita hivyo wengi wameshakufa. Yeye ni Mama Sefania. Tangu korona ilipoingia midomoni mwa watu, jiko lake limekuwa kama hospitali ndogo. Chungu kikubwa kinachemshwa na majani ya mkaratusi, mchaichai, majani ya mpera na maganda ya limao. Wanawake wanaketi kukizunguka, magoti yamegusana, kisha blanketi moja zito linawafunika wote pamoja. Wanavuta mvuke, wanaimba ubeti mmoja wa tenzi hata wale wasiosali kanisani, wanatoka wamelowa na kucheka. Siku moja jirani mmoja aligonga chungu kwa goti akaungua. Tangu hapo Mama Sefania aliweka utaratibu: mkaza mwana anaingia na kila kundi, kazi yake ni kukishika chungu kwa matambara mpaka kundi litoke. Kundi la kwanza, la pili, la mwisho, Klara yumo. Uso wake uko katikati ya nyuso zote.

Na Mama Sefania mwenyewe alikuwa na pumu. Usiku wa baridi alilala ameketi, ameegemea ukuta, kifua kikipiga filimbi, na Klara upande wa pili wa ua alikuwa akiisikia ile filimbi na kuomba isinyamaze. Juma lililopita lote mama huyu alikuwa Soni kwa kipaimara cha mjukuu. Alirudi jana giza likiingia, akala chakula alichowekewa, akalala. Walikuwa hawajakaa pamoja hata mara moja tangu arudi. Klara alilishika wazo hilo kwa mikono yote miwili. Mama bado mzima. Mama hajaguswa. Ni leo tu, nikiweza kuiepuka leo.

Alitoka dukani bila kuaga, na chupa aliiacha mezani.

Njia ya kwenda zahanati inapita mbele ya ofisi ya kijiji, na mbele ya ofisi ya kijiji kulikuwa na watu wengi. Gari la afya lilikuwa limeegeshwa, turubai limefungwa, na muuguzi kijana, jina lake Happiness, alikuwa akizungumza kwa kipaza sauti. Ugonjwa upo, alisema. Barakoa inasaidia. Chanjo ni salama, ni hiari, na ni bure.

"Kama wanatupenda hivyo, mbona mbolea si bure?" Alen wa bodaboda alipaza sauti kutoka juu ya pikipiki yake, na watu wakacheka.

Mwingine akauliza kama ni kweli ukichanjwa sumaku inanasa begani. Mwingine akasema dada yake wa Korogwe amechanjwa na hajawahi kuwa na afya kama sasa. Mzee Kristian, mzee wa kanisa, alikunja mkono wa shati akasema yeye atachanjwa mbele ya wote ili maneno yaishe, na papo hapo jamaa wawili wa usharika wake wakamwambia akipokea alama hiyo ya mnyama asithubutu kuwakaribia kwenye meza ya Bwana. Mzee Kristian akawaita wapumbavu. Mmoja akamvuta shati. Watu wakaingia kati, kelele zikapanda, na Klara akajikuta amesukumwa mpaka mbele, akiwa amejifunga kanga mdomoni, akiogopa hata kupumua upande wa watu.

"Klara! Njoo hapa, mwanangu."

Alikuwa mama mkwe wake. Amesimama mbele kabisa, kitenge kipya, fimbo mkononi. Klara akamwamkia kwa mbali, akasimama hatua kadhaa nyuma yake, na Mama Sefania hakuona ajabu kwa sababu mkaza mwana mwenye adabu hasimami bega kwa bega na mkwewe. Alipoinua fimbo, kelele zilipungua zenyewe.

"Shikamoo, mama," alisema Happiness.

"Marahaba, mwanangu. Mimi sina ugomvi na wewe, nauliza tu. Mwaka jana tuliambiwa ugonjwa umekwisha. Tukaambiwa tusitishane, tupige nyungu. Nikapiga. Nimepigisha wakubwa na wadogo, Wakristo na Waislamu, na sijazika hata mmoja aliyetoka jikoni kwangu. Leo mnakuja mnasema nyungu si kitu, toeni mikono. Sasa niambie, ni lini mlikuwa mnasema kweli? Wakati ule au leo?"

Watu walipiga makofi, wengine wakapiga vigelegele. Alen akapiga honi. Happiness alishusha kipaza sauti, na kwa kuwa alikishusha, aliyesikia jibu lake ni Klara pekee aliyekuwa karibu.

"Mama, wakati ule hata sisi tulikuwa tunazika wenzetu kimya kimya."

Mama Sefania alikuwa ameshageukia watu. "Anayeogopa sindano aje kwangu alasiri. Nimechuma mkaratusi wa kutosha. Wote mnakaribishwa!"

Hapo ndipo Klara alipotakiwa kusema. Alijua. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: mama, mimi ninao. Lakini tazama kundi lile, lilivyokuwa limemvuta Mzee Kristian shati kwa kusema tu kwamba atachanjwa. Na mkaza mwana atamsimamisha vipi mkwewe mbele ya kijiji, makofi bado yanalia? Akajisemea atamwambia nyumbani, wakiwa wawili tu, na akageuka kupanda mlima. Zahanati ilibaki nyuma yake.

Njiani alimpigia simu mumewe. Sefania alikuwa Mombo na lori la mboga, akisubiri breki zipoe.

"Sefa, sisikii harufu. Sisikii hata dawa ya kabichi."

Upande wa pili mlango wa lori ulifungwa kwanza.

"Itarudi," Sefania akasema. "Yangu ilirudi."

Klara alisimama katikati ya njia. "Yako?"

"Ilikuwa mafua tu. Nilikaa siku chache bila kusikia ladha, ikarudi. Usikuze mambo."

"Ulikuja nayo nyumbani, Sefa? Ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Na wewe usiseme. Sikiliza, Klara. Ukilitamka hilo neno hapo nyumbani, kesho hakuna atakayepakia mzigo kwenye gari langu, na mama hatapita tena sokoni. Watamwita mama wa korona. Yeye, aliyewatibu wote! Unataka hivyo?"

"Mama ana pumu."

"Mama ana nguvu kuliko wewe," Sefania alisema, lakini sauti yake ilitetemeka, na Klara akaisikia ikitetemeka. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Mtu aliyekuwa akimwambia asiogope alikuwa anaogopa.

Alipofika nyumbani alijifungia chumbani kwake akajisingizia tumbo. Alikaa kitandani akisikiliza ua. Alisikia kuni zikipasuliwa. Alisikia wageni wakipiga hodi, wakicheka, wakiulizana habari za Soni. Alipanga maneno akayapangua. Akisema, nyumba hii imekwisha. Atakuwa mwanamke aliyeleta ugonjwa, na hakuna atakayekumbuka kwamba ulipanda lori la mtoto wa mwenye nyumba. Huenda akarudishwa kwao. Mama mkwe alimpenda, ndiyo, lakini Klara alishamwona mama yule akimfukuza ndugu yake wa damu kwa sababu ya uongo mmoja. Akinyamaza, basi usiku mmoja ile filimbi ya upande wa pili wa ua itanyamaza.

"Klara! Maji yamechemka!"

Akatoka. Bado alikuwa hajaamua, na hiyo ndiyo aibu yake, kwamba miguu ilimpeleka jikoni kabla moyo haujasema lolote.

Kundi la kwanza lilikuwa limeshaketi: Mama Sefania kwenye kigoda chake, Mwanahawa, jirani na rafiki yake wa tangu ujana, na Fatuma, mkaza mwana wa Mwanahawa, mwenye mimba kubwa iliyomlazimu kuketi ametanua magoti. Nje, chini ya ukingo wa paa, wengine walikuwa wakisubiri zamu. Mwanya wa Klara ulikuwa umeachwa pale pale pa siku zote, na matambara yamewekwa tayari.

"Mama, naomba nikuone nje kidogo," Klara alisema.

"Mvuke unapotea, mwanangu. Kaa, tutazungumza baadaye."

"Mama, tafadhali."

"Kaa!"

Akakaa. Blanketi likashuka, na dunia ikawa giza na joto. Alishika chungu. Goti la Fatuma liligusa la kwake upande mmoja, goti la mama mkwe upande mwingine. Mvuke ulimpiga usoni, na yeye akajisikia kama ameinamia sufuria ya maji matupu.

"Ai! Mkaratusi wa leo ni mkali," Mwanahawa alisema gizani. "Unachoma mpaka utosini."

"Nimechuma ule mti wa juu kanisani," Mama Sefania alijibu kwa fahari. "Vuteni, vuteni. Fatuma, vuta kwa ajili ya mtoto."

Fatuma akavuta. Klara aliisikia pumzi ile ikiingia, ndefu, ya utii, ya msichana anayefanya kama alivyoagizwa na wakubwa. Halafu Mama Sefania akavuta, na mwisho wa pumzi yake kile kifua kikapiga filimbi yake ndogo.

Klara aliinuka na blanketi lote mgongoni. Mwanga uliingia, mvuke ukatawanyika, chungu kikayumba.

"Tokeni! Tokeni nje! Ninayo! Korona, ninayo mimi! Sisikii harufu ya kitu chochote, tangu asubuhi sisikii, tokeni jamani!"

Kisha Fatuma akajiinua, mikono yake yote miwili tumboni, akatoka mbio kama mimba haina uzito, kiatu kimoja kikabaki. Mwanahawa alinyanyuka polepole. Alimtazama Klara, akamtazama rafiki yake wa miaka yote ile, akajifunika pua na mdomo kwa ushungi na kutoka. Nje chini ya paa kulizuka mnong'ono, halafu nyayo nyingi, halafu ua ukawa kimya. Hata mbwa hakubweka.

Klara alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani, akilia. Mama Sefania bado alikuwa kwenye kigoda.

"Ni kweli hayo?" aliuliza.

"Ni kweli, mama. Nisamehe. Sefania pia aliugua, ndiye aliyerudi nayo kutoka Dar. Toka nje, mama, nakuomba. Nifukuze, nitaondoka, lakini toka kwanza."

Mama mkwe alinyanyuka kwa fimbo yake. Klara akajiandaa kwa tusi, hata kwa fimbo yenyewe, na moyoni akaona ni afadhali. Mama Sefania alikwenda mlangoni, akausukuma ukafungika, akatia komeo. Akaliokota blanketi sakafuni na kulikung'uta majivu.

"Wamekukimbia," alisema. Sauti yake ilikuwa ya hasira, lakini hasira ile haikuwa ya Klara. "Mwanahawa nimemtibu mimi. Yule msichana nimemkanda mimi. Leo wanamkimbia mwanangu kama mbwa mwenye kichaa."

"Mama, wana haki. Usinisogelee. Mama, una pumu!"

"Nilizaa saba, nikazika watatu. Wote nilikuwa nimewapakata. Sijawahi kumkimbia mgonjwa wa nyumba hii, na siwezi kuanza uzeeni." Alikuwa ameshamfikia. Mikono yake ilikuwa na nguvu za mwanamke aliyepanda milima maisha yake yote na mizigo ya kuni kichwani, na Klara, mwenye homa, hakuweza kuitoa. Aliketishwa chini. Alijaribu kugeuza uso, mama mkwe akamshika kidevu na kuurudisha, kwa upole, kama anavyorudishwa mtoto anayekataa dawa.

Blanketi likawafunika wawili.

Gizani Klara alifunga mdomo, akabana pua, akazuia pumzi. Aliizuia mpaka masikio yakavuma. Paji la uso la yule mama lilikuwa limegusa lake, na mkono ulikuwa ukimsugua mgongoni, juu, chini, juu, chini. Hakuwahi kuguswa hivyo tangu mama yake mzazi afariki. Alitaka kusema jamani mama usinipende, lakini ili aseme ingebidi afungue mdomo.

Kifua kikamshinda. Hewa yote ikamtoka kwa kishindo, usoni kwa mama mkwe, na baada yake kikohozi.

"Si hivyo, mwanangu," Mama Sefania alisema. "Usibanebane. Hebu nisikilize mimi, ufuate."

Akainama karibu zaidi, na kwa faida ya mkaza mwana wake akavuta pumzi ndefu, taratibu, mpaka mwisho.